Kuzungumza Mbele za Watu, kwa Sisi Watu wa Tarakilishi

Ile makala ya hifadhidata niliyowaahidi inakuja, msinisute. Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo katika miaka minne ya kusomea sayansi ya tarakilishi hakuna mhadhiri aliyenifundisha: kusimama mbele za watu na kufungua mdomo. Tulifundishwa algoriti. Tulifundishwa matriki na mantiki, tukaunda hata mfumo mdogo wa uendeshaji ambao hakuna mtu mwingine duniani atakayeutumia. Kuzungumza tuliachiwa, kila mtu ajitafutie.

Halafu unaingia kazini na kugundua kwamba nusu ya kazi yenyewe ni maneno. Unamweleza mteja kwa nini shughuli ya wiki mbili imekuwa ya wiki sita. Unamweleza mkubwa wako kwa nini nakala za akiba zinahitaji pesa ilhali hajawahi kuona hata siku moja zikitumika. Nimeona mapendekezo mazuri yakikataliwa kwa sababu mwenyewe aliyasoma akiwa ameinamia kipakatalishi kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na mengine ya wastani yakapita kwa sababu mwenyewe aliwatazama watu usoni. Mtalalamika kwamba hiyo si haki. Nami nalalamika pamoja nanyi, lakini malipo ya mradi yalikwenda kwa yule aliyewatazama watu usoni.

Mimi kwa asili ni mtu wa kimya. Shule ya upili nilikuwa katibu wa chama cha mdahalo, yaani niliandika yale wenzangu waliyosema. Nilikipenda sana cheo hicho! Kwa hiyo haya ninayoyaandika si maneno ya mtu aliyezaliwa na ulimi wa kuuza maji mtoni. Ni ya mtu aliyekaa miaka kama sita hivi akijaribu hiki na kile, na sasa anaweza kusimama mbele ya watu mia mbili na kulala usingizi mzuri usiku uliotangulia.

Haya, tuanze na hofu, maana ndiyo kila mtu huniuliza.

Hofu ya jukwaani ni kemia. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na ubongo ukihisi hatari, tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakimbia, mate yanakauka, damu inakwenda kwenye misuli mikubwa ili uweze kukimbia au kupigana, vidole vinapoa, mikono inatetemeka. Mwili haujui tofauti kati ya nyati na watu thelathini waliokaa kwenye viti vya plastiki. Huwezi kuuambia utulie, kama vile huwezi kuiambia tarakilishi iache kuwaka joto wakati umeipa kazi nzito. Mwanasaikolojia Alison Wood Brooks alichapisha utafiti mwaka 2014 ulioonyesha kwamba watu waliojiambia kabla ya kuzungumza kuwa wamesisimka walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mantiki yake naielewa. Msisimko na hofu vyote viwili ni moyo unaokimbia, kwa hiyo kutoka kimoja kwenda kingine ni kubadilisha jina tu. Kutoka hofu kwenda utulivu ni kuzima injini nzima, nayo haizimiki kwa dakika tatu.

Lakini kilichonisaidia mimi zaidi ni utafiti mwingine, wa Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, wa mwaka 2003. Hawa walikuta kwamba mtu anayezungumza hudhani hofu yake inaonekana wazi kuliko inavyoonekana kweli. Yeye anausikia moyo wake ukipiga kama ngoma ya arusi, hivyo anadhani na watu wa safu ya nyuma wanausikia. Hawausikii! Na utamu wa utafiti huo ni huu: baadhi ya watu waliambiwa jambo hilo kabla ya kuzungumza, na kuambiwa tu kukawafanya wazungumze vizuri zaidi, kwa macho yao wenyewe na kwa macho ya waliowatazama.

Mimi sikuamini mpaka nilipojirekodi. Niliweka rununu juu ya rundo la vitabu, nikazungumza dakika kumi mbele ya wenzangu wanne kazini, magoti yakinicheza. Jioni nilipoitazama ile video nikaona kijana fulani ametulia, anaongea haraka kupita kiasi, anashika shika ukosi wa shati. Magoti hayakuonekana kabisa. Tangu siku hiyo nikaacha kupigana na magoti, nikaanza kushughulikia ukosi na kasi. Msomaji, ukichukua jambo moja tu hapa, chukua hilo la kujirekodi. Utachukia sauti yako, kila mtu huichukia ya kwake, lakini angalau utakuwa unasahihisha makosa yaliyopo badala ya yale uliyojitungia kichwani.

Kwenye mada hii kuna takataka nyingi pia, na kwa kuwa sisi ni watu wa kuthibitisha mambo, wacha nizitupe mbili. Ya kwanza ni ile ya kusema eti watu huogopa kuzungumza hadharani kuliko kifo. Imetokana na kura ya maoni ya mwaka 1973 nchini Marekani ambapo asilimia 41 walitaja kuzungumza mbele ya kundi kuwa miongoni mwa mambo wanayoyaogopa, na asilimia 19 wakataja kifo. Tazama vizuri swali lenyewe: walitaja orodha ya hofu zao, hawakuambiwa wachague iliyo kubwa zaidi. Watafiti wawili walirudia jambo hilo mwaka 2012 kwa wanafunzi wa chuo. Kuzungumza hadharani kulitajwa na wengi zaidi, ndiyo, lakini walipoulizwa hofu kuu ni ipi, kifo kikashinda. Ambavyo ndivyo mtu yeyote mwenye akili timamu angetarajia.

Ya pili ni ile ya asilimia 7, 38 na 55, kwamba maneno yako ni asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti 38, na mwili 55. Nimeisikia katika semina zaidi ya tatu, na mojawapo tulilipia pesa nzuri tu. Namba hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, kule California, yaliyohusu jambo dogo sana: mtu akisema neno moja lenye hisia fulani kwa sauti au uso wa hisia tofauti, msikilizaji huamini kipi. Hayakuhusu hotuba wala mafunzo. Kama maneno yangekuwa asilimia 7 tu, ungeweza kuitazama taarifa ya habari ya Kichina bila sauti ukaelewa karibu yote. Jaribu uone.

Basi tukitoka kwenye takataka, tuje kwenye kazi yenyewe. Tatizo letu kubwa sisi watu wa programu, kwa maoni yangu, ni kwamba tunajua kitu kwa undani na hatuwezi tena kukumbuka jinsi kutokijua kulivyokuwa. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mwanafunzi aitwaye Elizabeth Newton aliwapanga watu wawili wawili. Mmoja alipewa wimbo unaojulikana na kila mtu, akagonga mdundo wake mezani kwa kidole, na mwenzake akabuni ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Zilipigwa nyimbo 120. Zilizotambuliwa? Tatu! Mgongaji anausikia wimbo wote kichwani, pamoja na maneno na ala, na anashangaa mwenzake ni kiziwi gani. Mwenzake anasikia ko, ko-ko, ko.

Kila nikimsikia mhandisi akisema “ni rahisi tu” mbele ya wateja, nakumbuka meza ile.

Na hapa ndipo nitawaeleza kuhusu Kwale, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza zaidi kuliko katika mikutano yote ya Nairobi niliyohudhuria nikivaa kibandiko cha jina. Miaka miwili iliyopita tulikuwa na programu ya kuweka kumbukumbu za vyama vya akiba. Chama kimoja cha wavuvi na kina mama karanga, wale wanaonunua samaki dikoni, wakawakaanga na kuwauza, kilitaka kuijua. Kilikuwa na wanachama sitini hivi. Kilikuwa pia na kidonda: miaka ya nyuma mweka hazina wa chama jirani alipotea na daftari, na daftari ndilo lilikuwa kumbukumbu pekee. Hakuna aliyeweza kuthibitisha alikuwa ameweka kiasi gani. Watu waliofahamu vizuri hasara hiyo ndio niliotakiwa kuwaambia waweke pesa zao ndani ya simu ya kijana kutoka Nairobi.

Nilikuwa na slaidi 22, zote kwa Kiingereza. Siku mbili kabla ya safari nilianza kuzifasiri, na hapo nikakwama vibaya. Neno “wingu”, kwa mfano. Sisi tunasema data iko kwenye wingu na tunaona tumesema kitu. Lakini mkutano ulikuwa mwezi Juni, wakati wa kusi, bahari imechafuka na mitumbwi mingi imevutwa pwani. Kwa mvuvi wakati huo wingu ni kitu cha kutazamwa kwa wasiwasi. Nani ataweka akiba yake mle? Nilipolazimika kulisema jambo hilo kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, ikabidi niseme ukweli wake: daftari lina nakala tatu, moja iko Nairobi na mbili ziko nchi nyingine, na moja ikiungua au kuibwa mbili zinabaki. Sentensi moja, na haina neno hata moja la kujivunia.

Kulikuwa na jingine gumu zaidi. Mfumo wetu haufuti rekodi. Ukikosea unaandika mstari mpya wa kusahihisha, na ule wa zamani unabaki. Kwa Kiingereza tuna msamiati wake mzuri sana ambao hata wateja wa mjini hawauelewi, ila hutikisa kichwa kwa adabu. Nilitembea chumbani nikijisemea kwa sauti, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka likaja: mweka hazina anaandika kwa kalamu ya wino, hana penseli wala kifutio. Hapo mwenyewe nikahisi nimeuelewa mfumo niliouandika.

Slaidi zote 22 niliziacha mjini. Nilibeba daftari la kawaida la kurasa 96, kalamu ya wino, penseli na rununu mbili.

Mkutano ulikuwa chini ya mwembe, kando ya banda la kupimia samaki. Wazee mbele, kina mama upande mmoja na vikapu vyao, vijana wamesimama nyuma. Niliamkia, nikasema jina langu na kwetu, na mzee mwenyekiti akaniambia, “Haya mwanangu, sema, lakini sema kidogo kidogo, hapa si bungeni.” Mashauri bora ya kuzungumza hadharani niliyowahi kupewa, na sikuyalipia! Nikaandika mchango kwa penseli kwenye daftari, nikaufuta. Nikaandika kwa wino, nikamwomba kijana mmoja aufute. Akasugua mpaka karatasi ikatoboka, watu wakacheka. Kisha nikaingiza mchango wa shilingi 200 kwa jina la mzee, na rununu yake ikalia mfukoni, ujumbe umeingia. Kila mtu akaisikia ile sauti. Nilitumia kama dakika kumi na mbili.

Baada ya hapo yakaja maswali, na ndiyo yaliyokuwa mkutano wenyewe. La kwanza lilikuwa la gharama za ujumbe, la pili la mtu asiyejua kusoma. Halafu mama mmoja, mtu mzima, akasimama na kusema taratibu, “Mwanangu, huo ujumbe unaokuja kwa simu, nani anausoma?”

Nikamwambia, “Yeyote atakayeishika simu yako, mama.”

Pakawa kimya. Msomaji, kimya cha watu sitini ni kirefu. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka niongee, nijaze, nieleze mambo ya namba ya siri na usalama wa mitambo. Nilinyamaza nikahesabu moyoni. Nilipofika nne, mama mwingine akasema bila kunitazama kwamba simu ya nyumbani kwake huwa na mumewe. Halafu wengine watatu, kila mmoja kwa lugha yake ya kuzungukazunguka, wakasema lile lile. Hawakuwa wakiogopa mwizi wa Nairobi. Akiba ile ndiyo iliyokuwa karo ya watoto, na ilikuwa salama maadamu baadhi ya watu hawakujua kiasi chake. Nikawaeleza kwamba ujumbe unaweza kuzimwa kwa mwanachama yeyote anayetaka, na salio akaliuliza mwenyewe kwa mweka hazina kwa namba yake ya siri, na kwamba chaguo hilo lilikuwa ndani ya programu tangu mwanzo. Ningeweza kulitaja dakika ya tatu kama sifa ya namba saba katika orodha ya sifa kumi na tano, na lisingesikika. Lilisikika kwa sababu lilikuja baada ya kimya kile.

Hawakuinunua siku hiyo. Waliamua kuijaribu miezi mitatu huku daftari la karatasi likiendelea sambamba, na kila mwisho wa mwezi kulinganisha vitabu viwili. Kwa watu walioumwa na nyoka, nadhani ulikuwa uamuzi wa busara kuliko ambao ningeupendekeza mimi.

Tangu hapo nikijiandaa kuzungumza siulizi tena “nitasema nini?” Nauliza hawa watu wakitoka hapa wataamua nini, na wanaogopa nini. Hata kwenye mikutano yetu ya mafundi, ambako kila mtu anajua seva ni nini, swali hilo linafanya kazi. Fundi aliye mbele yako anataka kujua kama maktaba unayoisifia itamwamsha saa nane ya usiku. Mwambie hilo. Na jambo la ajabu ni kwamba hofu hupungua yenyewe, kwa sababu huwezi kuwafikiria wao na kujifikiria wewe kwa nguvu sawa kwa wakati mmoja.

Kuhusu maandalizi sitasema mengi. Zungumza kwa sauti, umesimama, kuanzia mwanzo hadi mwisho, angalau mara tano. Kusoma kimya kichwani ni kama kuutazama msimbo na kusema unafanya kazi bila kuuendesha. Usikariri neno kwa neno, maana neno moja likipotea yote yanafuata. Kariri sentensi mbili za mwanzo tu, kwa sababu hizo utazisema wakati adrenalini iko juu kabisa, na sentensi ya mwisho, usije ukazungukazunguka ukitafuta pa kutua. Katikati ijue njia, si hatua. Pima saa. Ukipewa dakika ishirini, andaa kumi na saba.

Slaidi? Zitumie pale picha inaposaidia. Programu ya PowerPoint ilitoka mwaka 1987, na watu walizungumza vizuri kwa maelfu ya miaka kabla ya hapo.

Maonyesho ya moja kwa moja ndiyo mapenzi yangu, na hapo naomba nichukue nafasi kidogo. Tarehe 9 Desemba 1968 mjini San Francisco, Douglas Engelbart alikaa mbele ya watu wapatao elfu moja, na kwa dakika 90 akawaonyesha kipanya, maandishi yenye viungo, na watu wawili wakifanyia kazi waraka mmoja wakiwa mbali huku wakionana kwa video. Tarakilishi yenyewe ilikuwa maabara kwake, Menlo Park, kilomita kama 48 kutoka pale, wakaiunganisha kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1968! Waliosimama kupiga makofi hawakuwa wameambiwa kuhusu siku zijazo, walikuwa wameziona zikisogea kwenye kioo. Nyuma yake kulikuwa na timu nzima iliyofanya kazi kwa miezi, na watu husahau hilo. Vivyo hivyo kwa Steve Jobs na iPhone tarehe 9 Januari 2007. Wahandisi wake walisimulia baadaye kwamba simu zile bado zilikuwa zikizima ovyo, kwa hiyo walitafuta mfululizo maalum wa hatua ambao haukuleta matatizo, naye akaufuata huohuo jukwaani, na simu kadhaa za akiba zikiwa karibu. Ule utulivu tuliouona ulikuwa mazoezi.

Na ikiharibika? Tarehe 20 Aprili 1998 mjini Chicago, Windows 98 ilianguka mbele ya Bill Gates na kioo kikawa buluu, mwenzake alipochomeka skana. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Gates akasema kwa mzaha kwamba hiyo lazima ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza. Akaendelea. Mimi hupanga mapema nitakachosema mtandao ukipotea au stima ikikatika, kwa sababu huku kwetu swali ni lini, wala si kama. Hubeba video ya onyesho lilelile ndani ya kipakatalishi, na picha tatu kwenye karatasi. Mara mbili nimezihitaji. Mara ya pili ukumbi ulikuwa giza totoro na nikazungumza kwa mwanga wa rununu za watu, na nadhani ndiyo hotuba yangu iliyokumbukwa zaidi.

Kuna wanaoniambia, “Kaka, tatizo langu ni Kiingereza.” Naelewa. Mikutano yetu mingi ni ya Kiingereza na mtu hujiona mdogo. Lakini mkumbuke William Kamkwamba wa Malawi, yule kijana aliyeunda kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na feni ya trekta. Juni 2007 alipanda jukwaani Arusha akiwa na miaka 19, Kiingereza chake kichache, akijibu maswali mafupi mafupi huku picha za kinu chake zikionyeshwa. Miaka miwili baadaye alisimulia mwenyewe kwamba siku ile Kiingereza kilimpotea na alijisikia kutapika. Ukumbi ulimshangilia, kwa sababu alikuwa na kinu na alisema nacho kilifanya nini. Kama una kinu, maneno machache yanatosha. Na pale ambapo wasikilizaji wako wote ni wa Kiswahili, kwa nini ujitese? Waombe waandalizi. Nimeomba mara nne, na mara tatu nimekubaliwa.

Swali la mwisho ambalo huulizwa ni mahali pa kufanyia mazoezi. Vilabu vya Toastmasters vipo Nairobi na miji mingine, ni mtindo ulioanzishwa na Ralph Smedley kule California mwaka 1924, na kila anayezungumza hupimwa na mwenzake kwa upole na kwa saa. Lakini hata bila klabu, nafasi ziko tele ila tunazikimbia: matangazo ya kanisani au msikitini, neno la shukrani kwenye arusi ya binamu, ripoti ya mweka hazina wa chama chenu. Chukua zile ndogo ambazo hakuna anayezitaka. Mimi nilianza kwa kuomba kila Ijumaa kazini dakika tano za kueleza hitilafu moja tuliyoirekebisha wiki hiyo, kwa yeyote aliyetaka kusikiliza. Ijumaa ya kwanza walikuja wawili, na mmoja wao alikuwa anasubiri chai ichemke.